Jiwe la Kupozea Gari

Duka langu la mbegu na dawa za mazao, hapa Biharamulo, limepakana na gereji. Wateja wangu wa Nyantakara na Bisibo hulalamika kwamba wanakuja kununua mahindi ya kupanda na kuondoka wananuka petroli, nami huwajibu kwamba petroli naitoa bure. Petroli hainisumbui. Dizeli nayo nimeizoea. Kuna harufu moja tu inayonishinda, ya oili ya gia iliyozeeka, ile nzito, nyeusi, yenye kunuka kama yai viza, fundi anapofungua nati ya chini na kuiacha ichirizike kwenye beseni. Juzi ilinikuta nimekaa juu ya mfuko wa mbolea, nimechoka, mguu mmoja nje ya kiatu. Nikalia mchana kweupe mbele ya mteja aliyekuja kuulizia dawa ya viwavi. Masikini, alidhani dawa imeniingia machoni, akanishauri ninawe kwa maziwa.

Siku hizi nachoka upesi. Mama amekufa mwaka huu, na sikujua kama kufiwa ni kazi ya mikono, kwamba mtu anaamka asubuhi na viungo vinamuuma utadhani alilima. Ndiyo maana harufu ile ilinipata kirahisi. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu. Nyumba za wenzangu zilinuka moshi, ndizi na maharage. Yetu ilinuka hivyo vyote, na juu yake oili ya gia. Ilikuwa kwenye mashuka, kwenye shati la baba la kanisani, kwenye mkono alionishika nao tukienda misa.

Kwetu ni upande wa Ngara, juu ya kilima. Watu wa tambarare wakisikia kilima hufikiria majani na ng'ombe. Chetu kilikuwa mawe. Njia ya kushuka bondeni, kwenye barabara ya magari, ilifuata mkondo wa maji ya mvua, na mvua ilikwishaondoa udongo wote zamani sana, ikatuachia mifupa ya kilima. Kulikuwa na ngazi za mawe ambazo hakuna aliyezijenga, mawe yenye meno, mawe bapa yaliyoteleza kama sabuni asubuhi yakiwa na umande. Mbuzi walishuka. Watu walishuka na mikungu kichwani. Baiskeli ilibebwa begani. Gari halikuwahi kufika kwetu, wala hakuna aliyelitazamia, mpaka baba alipopata lile gari la padri.

Baba alikuwa mwashi, lakini ujanani aliwahi kuwa utingo wa lori na ufundi kidogo ulimbakia mikononi. Alijenga ukuta wa parokia moja huko chini, na walipomaliza wakampa kama sehemu ya ujira mzoga wa gari uliokuwa nyuma ya banda la nguruwe. Kilikuwa kigari kifupi cha milango miwili, paa la turubai, cha aina ile yenye gia ya pili ya kuingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yakavuta pamoja. Padri aliyekuwa akikitumia alikwishahamishwa. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Wanaume wa kilimani walikivuta kwa kamba hadi uwanjani kwetu, kazi iliyowachukua tangu asubuhi mpaka jua kuzama, wakicheka njia nzima, na baba akawapa pombe ya ndizi mpaka wakasahau walichokuwa wanakicheka.

Mama alikitazama kile chuma, akakizunguka, akasema, "Haya. Nimeletewa mke mwenza."

Tangu siku ile hakukiita jina jingine. Baba akiwa chini ya gari, miguu tu nje, mama alisimama na sahani mkononi. "Wewe na mwenzangu mtakula saa ngapi?" Akimwona anapaka grisi: "Mimi mafuta yangu ya kujipaka yameisha tangu Pasaka, mwenzangu anapakwa mpaka kwapani." Baba alicheka kimya kimya kule chini, ukasikia spana tu ikigonga. Mimi sikucheka. Nilikuwa na wasiwasi wangu mkubwa ambao sikumwambia mtu. Gari lilikuwa la padri. Mwenye nalo sasa ni baba. Na padri, kila mtu anajua, hana mke wala watoto. Niliamini kwamba gari likishapona baba ataondoka nalo kwenda kuwa padri, na kwamba mama analijua hilo ndiyo maana anaumia. Nilikaa na jambo hilo moyoni miezi, na kila nati iliyokazwa vizuri ilinitia huzuni.

Kumbe mwaka ule mama alikuwa mjamzito. Kwetu mtoto haambiwi mambo hayo. Unaona tu kitenge kinafungwa juu zaidi. Baba alikuwa anashindana na tumbo la mama. Gari lilitakiwa liweze kushuka yale mawe, na mama akiwa ndani, kabla siku yake haijafika, limpeleke hospitali ya misheni iliyoko bondeni. Hakuwa na haja nyingine yoyote na gari duniani.

Mgonjwa wa kilimani alishushwa kwa ingobyi, machela yetu ya fito iliyosukwa kama kikapu kirefu, inayobebwa mabegani na wanaume wanne huku wengine wakisubiri zamu. Kila nyumba ilitoa mwanamume. Pembe ikilia unaacha jembe, unakuja. Asiyekuja alitozwa pombe, na akirudia kukosa, siku yake ikifika wanamletea ingobyi, wanaiweka mlangoni pake, wanakwenda zao. Sikuwahi kuona mtu akifanyiwa hivyo, lakini tulitishwa nalo tangu tukinyonya. Na mwaka ule baba alikosa. Pembe ililia naye yuko chini ya gari, difu, kasha la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, imefunguliwa, oili inamwagika, na akasema atawakuta njiani. Hakuwakuta. Ikatokea tena. Mzee Filipo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wabebaji, alipita akachukua pombe ya faini bila kuketi. Alilitazama gari kwa pembeni.

"Baba Skola," akasema, "hilo gali litakubeba wewe. Litawabeba na sisi?"

Baba akasema shikamoo mara ya pili.

Basi kazi ikaendelea. Alikata mabawa ya bati juu ya magurudumu ili yaingie matairi makubwa ya tela bovu. Aliibeba difu ya nyuma begani hadi kwa mchomeleaji wa sokoni, ikachomelewa kwa ndani, ili matairi yale mawili yazunguke pamoja hata moja likikosa pa kukanyaga. Alifunika tumbo la gari kwa bamba la pipa lisichanwe na mawe. Alipunguza upepo wa matairi mpaka yakabonyea, wapita njia wakamwambia ana pancha nne. Halafu akapanda basi kwenda Biharamulo kutafuta springi, akarudi nazo kwenye gunia, mabamba mazito ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine. Fundi wa huko alimwambia kilima cha mawe kinataka gari gumu, aongeze mabamba kama wafanyavyo wenye pikapu za kubeba ndizi. Akaongeza. Gari likainuka juu, likasimama imara, likapendeza. Sote tulilisifu, hata mimi na huzuni yangu.

Siku ya kulijaribu watu walijaa njiani. Mama ndiye aliyeliongoza. Hilo nalikumbuka kuliko yote: mama anatembea kinyumenyume mbele ya gari kwenye mawe yale, miguu mitupu, kitenge kimefungwa juu, anakanyaga jiwe na kulipigapiga kwa unyayo. "Tairi lako la kushoto lije hapa nilipo. Hapa. Njoo, njoo taratibu." Na gari linakuja, linanguruma kwa gia ile ndogo kuliko zote, polepole kuliko mtu anavyotembea, na mama anaondoa mguu tairi likiwa karibu kuugusa. Lakini kwenye ngazi ya kwanza ya mawe gari likasimama kwa miguu mitatu. Tairi moja la mbele lilining'inia hewani, gari zima likalala upande, kama meza yenye mguu mfupi. Baba akajaribu tena, likalala zaidi. Kiti cha nyuma, pale ambapo mama angelala, kikamwaga kila kilichokuwemo, spana, jeki na kikapu cha mayai alichosahau mtu. Watu wakakimbia kulishika lisipinduke. Walilirudisha uwanjani kwa kamba, na safari hii hakuna aliyecheka.

Wiki ile baba alichunguza kila kitu akaona kila kitu ni kizima. Mama alikuwa akimenya ndizi kwenye kigoda, anamtazama, na mwishowe akasema bila kuinua kisu:

"Mmemkaza magoti."

"Nani?" baba akauliza.

"Mwenzangu. Hakunji goti. Nilipobebwa kwenye ingobyi, wa mbele waliinua hadi begani, wa nyuma wakachuchumaa, mimi nimelala sawa kama nipo kitandani. Kila mmoja alikunja goti lake. Kila mmoja, Baba Skola. Nililala, nikawaona wote."

Baba aliweka spana chini. Akainuka, akaenda nyuma ya jiko akakaa huko. Nikajua amekasirika. Mwanaume kufundishwa gari na mkewe, tena mbele ya mtoto! Nilimchukia mama kidogo kwa ajili yake. Sikujiuliza mama alibebwa lini, wala alikuwa anaumwa nini. Watu wazima walikuwa na historia ndefu isiyonihusu.

Kesho yake asubuhi alianza kutoa yale mabamba ya springi, moja moja, mpaka yakabaki machache na laini. Akatoa na chuma cha mbele kinachofunga pande za kulia na kushoto zisiachane. Gari likashuka chini, likawa legelege, ukiligusa linatikisika. Likawa la aibu kutazama. Lakini lilipofika kwenye ngazi ya mawe, tairi la kushoto likapanda peke yake, la kulia likashuka peke yake, kila moja likatafuta jiwe lake, na kiti cha nyuma kikabaki sawa. Mama alikuwa ameweka bakuli la maji pale kwenye kiti. Maji yalitikisika, hayakumwagika. Mama alilitazama lile bakuli, akakaa chini kwenye jiwe akalia, na mimi nikaona hata yeye sasa amekata tamaa, baba anakwenda upadri.

Mazoezi ya kushuka na kupanda yakawa ya kila mara, na mimi nikapewa kazi. Nilikaa nyuma nimekumbatia kidumu cha maji ya rejeta. Katikati ya njia kuna mahali palipokuwa na jiwe moja kubwa, bapa, pana kiasi cha gari kusimama na nafasi ikabaki. Tulipofika pale baba alizima. Kila mara. "Lipoe," alisema. Alifungua boneti, akachukua kidumu changu, akamimina maji kidogo juu ya jiwe, kwenye kishimo kilichokuwepo pembeni, ndipo akaongeza kwenye rejeta. Nilimuuliza kwa nini anamwaga. Akasema anaondoa uchafu wa mdomo wa kidumu. Mama alisimama kando, ametupa mgongo, anatazama bonde mpaka gari liwashwe tena.

Nililishika jambo lile kama katekisimu. Hata asubuhi moja tulipokuwa tunashuka tu, gari limewashwa sasa hivi, nikaweka kiganja kwenye boneti na ilikuwa baridi kabisa, sikuona ajabu. Nilifikiri gari lina ugonjwa wake, kwamba lisipopumzika pale juu ya jiwe litachemka na kufa, na kwamba maji yangu ndiyo yanayoliokoa. Nilikuwa nakijaza kidumu kabla ya kunywa uji. Kwa mara ya kwanza nilijiona mtu wa maana nyumbani kwetu.

Siku yenyewe ilifika asubuhi, baada ya mvua. Nilisikia mama anaita, sauti nisiyoijua. Baba aliwasha gari, likakataa, akawasha tena, likakubali. Alipogeuka, uwanja ulikuwa umejaa wanaume. Mzee Filipo alikuwa mbele, na nyuma yake wawili wameshika ingobyi tupu. Hakuna aliyepuliza pembe. Walikuwa wamesikia gari.

Nilipoiona ingobyi nikakumbuka zile faini za pombe. Nikajua wamekuja kutuwekea mlangoni na kuondoka.

"Shikamoo mzee," baba akasema. Hakuweza kumtazama.

"Marahaba. Mpandishe mkeo," Mzee Filipo akasema. "Tumekuja na kitu chetu. Gali lako likigoma, sisi hatugomi."

Wakamlaza mama nyuma, juu ya godoro na majani ya migomba. Mwanamke mmoja akasema mtoto abaki. Mama akafumbua macho, akasema, "Aje. Kidumu chake atashika nani?" Nikapanda.

Mama hakuweza kutembea mbele ya gari siku ile. Akaliongoza akiwa amelala, macho yamefungwa, kwa sababu aliijua njia kwa nyayo. Alihisi gari linainama upande gani akajua tupo jiwe gani. "Sasa kulia. Kuna lenye meno. Achia breki kidogo... ngoja." Uchungu ukamshika, baba akasimamisha, tukangoja, jasho linamtoka mama kwenye nywele. "Haya. Njoo, njoo taratibu." Wanaume waliligawana gari. Lilipolalia upande wa bonde, wengine waliruka wakaning'inia upande wa juu kulizuia kwa uzito wao. Lilipoteleza kwenye tope la mvua walilishika bampa, magoti yamekunjwa, kila mmoja na jiwe lake. Sijawahi kuona tena watu wakifanya kazi namna ile bila kuambiana neno. Nyuma yetu walikuja wale wawili na ingobyi tupu.

Tukafika kwenye jiwe bapa. Nikasikia baba anapunguza mwendo. Gari likasimama, mkono wake ukaenda kwenye ufunguo, nami nikainua kidumu tayari.

"Usizime," mama akasema.

Mkono wa baba ulibaki pale pale.

"Baba Skola. Leo usisimame hapa. Pita."

"Baba, zima!" nikapiga kelele. "Halijapoa! Baba, litakufa!"

"Pita," mama akasema tena, taratibu, kama alivyosema njoo, njoo. Mzee Filipo aliyekuwa ameshika mlango upande wa baba akavua kofia. Baba akaingiza gia, tukapita.

Nililia njia yote iliyobaki, nimekumbatia kidumu kilichojaa, nikingoja gari lichemke. Halikuchemka. Tulipokanyaga barabara ya chini wanaume walikaa kwenye nyasi kama magunia, na baba akaendesha peke yake hadi hospitali. Mchana ule ule alizaliwa Deusi, mdogo wangu, analia kuliko injini. Baba hakwenda upadri.

Baada ya hapo hatukusimama pale tena. Lile ndilo lililonishangaza kuliko mtoto. Gari lilipanda na kushuka miaka mingi, lilishusha wagonjwa wa kilima kizima, baba alilitengeneza mpaka hakukuwa na kipande cha padri kilichobaki isipokuwa usukani, na halikuhitaji kupoa. Mimi nikaendelea kushika kidumu kwa muda, kwa ukaidi, halafu nikakua.

Nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima, na tumbo langu la kwanza. Nilikwenda nyumbani, nikakaa na mama jikoni tunamenya ndizi, nikamtania kuhusu mke mwenza wake. Akacheka. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba kabla ya Deusi kulikuwa na mwingine. Nilikuwa mdogo mno, nimeachwa kwa bibi. Walimbeba yeye mama kwenye ingobyi, na mtoto hakungoja. Alizaliwa juu ya jiwe lile. Alipumua kidogo tu, Mzee Filipo akambatiza kwa maji yaliyotuama kwenye kishimo, akamwita Yohana.

"Baba yako alikuwa mmoja wa waliobeba," akasema. "Nyuma, kushoto. Hatua chache kabla ya pale aliteleza, goti likagusa chini, ingobyi ikatikisika. Akaamini amemuua mwanawe."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimelala, nilimwona. Goti alikunja kama wenzake. Mtoto alikuwa anakuja tu, hata wangenibeba malaika. Nimemwambia kwa kila njia ninayoijua." Akatupa ganda. "Mdogo wako asiambiwe. Alizaliwa kwa furaha, msimbebeshe."

Nilibaki nimeshika kisu. Nilimwona baba anaweka spana chini na kwenda nyuma ya jiko. Nilimwona mama amekaa kwenye kigoda akisema kila mmoja, Baba Skola, na mimi nimesimama pale nikidhani anamgombeza.

Sasa mama hayupo. Baada ya mazishi baba hakuliwasha gari tena. Tulipomuuliza alisema, "Nani ataniongoza?" na tukaacha. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipanda hadi nyumbani na lori lao, kwa sababu siku hizi lori linapanda. Barabara imechongwa, imemwagwa changarawe. Walilikatakata uwanjani. Baba alikaa ndani mpaka walipomaliza, akatoka akafagia.

Mwezi uliopita mimi na Deusi tulikwenda kumchukua aje kukaa nami Biharamulo. Deusi alikodi gari zuri, kiyoyozi, viti vya kitambaa. Baba alikaa mbele na kifurushi chake mapajani. Alikuwa mdogo ndani ya koti lake, na mimi nyuma nilikuwa nimechoka kwa kufunga vitu vya mama, nimechoka kwa kuagana na kila jirani, nataka tu tufike. Tulishuka kilima kwa dakika chache. Yale mawe yenye meno hayapo. Na lile jiwe bapa halipo. Walilipasua wakatengeneza kokoto, ndilo hilo lililotandazwa chini ya magurudumu yetu. Nilipatambua kwa bonde tu, lilivyofunguka upande ule.

Baba naye alipatambua. Aliweka kiganja kwenye dashibodi.

"Simama hapa," akasema. "Lipoe kidogo."

Deusi akatazama mshale wa joto. "Baba, mbona halijachemka? Tumetoka sasa hivi."

"Zima, Deusi," nikasema.

Alizima. Baba akafungua mlango, akashuka kwa shida, akasimama kando ya barabara akitazama chini, akitafutatafuta. Nikachukua chupa yangu ya maji ya kunywa nikamfuata, nikaifungua, nikamwekea mkononi. Goti lake la kushoto lilikuwa linatetemeka. Nikamshika. Nilitaka kumwambia lile ambalo mama alimwambia miaka yote, na sikuwa na haki ya kulisema, kwa sababu mimi sikuona, aliyeona tumemzika. Akainama, akamimina maji kidogo kwenye kokoto.

Nyuma yetu nikasikia boneti inafunguliwa. Deusi, mtoto mtiifu, ameambiwa gari lipoe. Alikuwa ameinamia injini isiyo na tatizo lolote, anaigusagusa kwa kidole, uso umejaa wasiwasi.

"Ni baridi kabisa," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Funga boneti. Njoo huku tulipo."